Mashine Kwenye Bucha ya Vedasto

Karatu, 3 Machi 2025

Shemeji Damiano,

Hamjambo huko Kakesio? Sisi huku wazima, mvua zimeanza na matope yametufika magotini. Nakuandikia kwa kalamu kama mchumba wa zamani, maana kila nikikupigia naambiwa hupatikani. Mama anasema mtandao wenu uko juu ya kilima, na wewe magoti yako tunayajua. Basi Moringe, dereva wa gari la chanjo, amekubali kuwa posta yetu. Anapita kwenu karibu kila wiki, na anasema hatozi chochote ila maziwa ya dada Marsela.

Ndani ya mfuko utakuta pini nne za mkono wa pampu yenu, nimezikereza mwenyewe kwenye mashine ya baba ya kukerezea chuma, kuanzia kukata mpaka kung'arisha. Nimepima unene wa kila moja kwa venia. Ziweke kwenye pampu uone mkono unavyopanda na kushuka laini. Halafu uniambie ukweli, hata kama unauma. Wewe ndiye fundi pampu wa kijiji, usiponiambia wewe ataniambia nani?

Unajua baba alivyosema kabla ya kuja kwenu kumwona mjukuu. Alisimama mlangoni na begi lake, mbele ya mama: "Kamati ya maji ya Kakesio wakizikubali pini za huyu mtoto, mashine ni yake. Wakizikataa, Pasaka ikipita Piusi anakuja kuibeba." Na huyo Piusi mwenye gereji, kila Jumapili tukitoka misa ananiuliza mashine haijambo, kana kwamba anauliza hali ya mke wake! Shemeji, mimi bila hiyo mashine sijui niamke asubuhi nikafanye nini. Naipenda. Nimekwambia.

Kazi hazijambo. Juzi tu Fuso la vitunguu la Mang'ola lilisimama mlangoni, dereva akashuka na bushi mkononi, nikamtengenezea akiwa anakunywa chai. Mwambie baba mashine iko salama na nimeipaka mafuta. Mengine usimwambie, hasa kwamba nina wasiwasi.

Mbusu mtoto.

Shemeji yako,
Goodness


Kakesio, 11 Machi 2025

Mpendwa shemeji Goodness,

Salamu nyingi sana kutoka kwetu sote. Mzigo umefika salama mikononi mwa Moringe, naye alikunywa vibuyu viwili akaondoka akiimba.

Shemeji, pini zako ni nzuri mno. Kwa kweli zinang'aa, hata mzee Lekishon, mwenyekiti wa kamati ya maji, alijiangalia ndevu kwenye moja. Zimeingia zote. Pampu inatoa maji, kina mama wanachota, mbuzi wanakunywa, hakuna aliyelalamika. Endelea hivyo hivyo, wala usibadilishe kitu.

Baba hajambo kabisa. Alisema anakuja kwa wiki moja, sasa ameonja maziwa ya huku na hazungumzii tena safari. Shati lake la kijani halifungi kifungo cha tumboni. Barua yako nilimsomea yote, isipokuwa pale uliponikataza. Alisikiliza, akaniomba nirudie habari ya Fuso la vitunguu, nikarudia. Basi akauliza kama lile banda la nyumbani bado linavuja juu ya mashine. Nikamwambia nitakuuliza.

Kamati imepanga kupima pini Jumatatu baada ya Matawi. Lekishon atazifunga mwenyewe kwa mkono wake mbele ya watu, ndipo waamue kama kazi ya pampu zote za kata tukupe wewe au tuendelee kuagiza mbali.

Nina ombi dogo. Ukipata nafasi nitumie tupa moja, ile ya kati, yenye meno laini. Ya kwangu imeisha. Ni kwa kazi nyingine tu, haihusiani na mambo yetu.

Wako katika utumishi wa maji,
Damiano


Karatu, 19 Machi 2025

Shemeji wa dhahabu,

Barua yako nimeisoma mara tatu na mama nimemsomea mara ya nne. Ndevu za Lekishon! Tupa hii hapa, zawadi. Na pini nyingine nne, nimezitengeneza kwa mtindo uleule kama ulivyosema, sikubadilisha kitu.

Mwambie baba hakuna hata tone la mvua linaloigusa mashine. Hilo ni kweli tupu.

Goodness


Karatu, 19 Machi 2025

Dada Marsela,

Karatasi hii nimeikunja ndani ya kitenge chako kwa makusudi. Usiisome mbele ya baba, na shemeji pia usimwambie, maana yeye na baba siku hizi ni kitu kimoja.

Dada, mashine haipo bandani. Nimeihamisha. Baba alipoondoka tu, mvua ya kwanza ikaanguka, na banda likavuja kama unavyolijua. Isitoshe, nani atapita kwenye migomba na matope yote yale kunifuata mimi? Nikapata chumba barabarani, ile bucha ya Vedasto. Vedasto amehamia karibu na soko, chumba kimebaki na meza tu ya kukatia nyama, safi, sakafu ya sementi laini, bati halivuji. Noel akaja na guta lake, vijana wanne wakainyanyua, saa moja tu tumemaliza. Mimi huku nyuma nikafagia pale ilipokuwa, nikatupa takataka zote, vumbi la chuma na vibati vyenye kutu vilivyokuwa chini ya miguu yake tangu enzi.

Mama ndiye msiri wangu. Lakini mama na wezi unamjua! Alisimama juu yangu mpaka nikatoboa sakafu na kuifunga miguu yote minne kwa bolti, kisha akasema kaza tena, nikakaza, akasema bado, nikaning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote. Sasa mwizi akiitaka itabidi aondoke na bucha nzima.

Kasoro ni moja tu, yule ng'ombe aliyechorwa ukutani hajafutika. Watu wanaingia wananiomba kilo ya nyama na maini kidogo. Jana mzee mmoja wa Kansay alikasirika kweli, akasema bucha gani hii inauza vyuma.

Najua baba alisema mashine isitoke bandani. Nitamwambia, dada, naapa nitamwambia, ila kwanza pini zikubaliwe. Akisikia sasa hivi atapanda gari la Moringe kesho.

Mdogo wako mwenye dhambi,
Goodness


Kakesio, 26 Machi 2025

Goodness,

Mimi si mtu wa maneno mengi na uji uko jikoni, kwa hiyo sikia.

Mambo ya bucha nimeyasikia na nimenyamaza. Hilo ni lako na baba. Lakini la pili haliwezi kungoja. Mume wangu anakudanganya.

Pini zako haziingii. Upande mmoja unapita vizuri, wa pili mnene, unagoma. Damiano anajificha nyuma ya zizi anakaa na tupa anazikwangua moja moja mpaka ziingie. Ana malengelenge mikono yote miwili. Juzi alishindwa kumbeba mtoto, akasema anaumwa bega! Nilimfuata nikamkuta huko na pini yako ameifunga kwenye gogo, anasugua huku anapuliza vidole. Nikamuuliza, mwanamume, unafanya nini? Akasema, "Sitaki kumvunja moyo shemeji." Na wewe ukamtumia tupa mpya! Umemwongezea msalaba, na hii ndiyo Kwaresma yenyewe.

Sasa zile za kwanza alizosugua zimeanza kucheza, mkono wa pampu unayumba na kupiga kelele. Kina mama wameanza kusema. Na siku ya Lekishon hakutakuwa na zizi la kujificha. Atachukua pini kwenye mfuko, ataisukuma mbele ya watu wote, ikigoma imegoma.

Kwa hiyo acha kujisifu, tafuta ubovu uko wapi. Kitenge ni kizuri, asante.

Marsela


Karatu, 28 Machi 2025

Damiano,

Ona, hata shemeji sikuiti leo.

Nilikuomba ukweli! Niliandika kabisa, hata kama unauma! Wewe ukaniandikia habari za ndevu. Nimezunguka Karatu nzima nikijitapa, nimemwambia mpaka Piusi, tena mbele ya kanisa, kwamba Kakesio wananisifu. Nimelia, nikacheka nilipofikiria wewe na gogo lako nyuma ya zizi, kisha nikalia tena. Pole na mikono. Lakini siku nyingine ukinionea huruma, nionee huruma kwa kuniambia.

Haya. Nimepima upya. Baba siku zote alipima pini sehemu moja tu, basi na mimi nimekuwa napima sehemu moja, pale karibu na taya za mashine zinazoshika chuma. Leo nikapima na ncha ya pili. Loo! Ncha ya nje ni nene kuliko ya ndani, kila pini, bila kukosa. Ni kile ambacho mafundi tunaita tepa. Kisu cha mashine kinatembea, mimi nadhani kinakwenda sawasawa na chuma, kumbe kinasogea mbali kidogo kidogo, unene wa unywele tu, na kwenye bushi, tundu ambamo pini inapita, unywele huo ni ukuta.

Nimenoa kisu. Tepa iko palepale. Nikasema labda nakata kwa pupa na chuma kinakwepa, nikakata kidogo kidogo kama mtu anayemenya viazi vya wageni. Iko palepale. Nikashika ule mkia wa mashine unaoegemeza chuma kwa nyuma, nikausogeza huku, tepa ikapungua kidogo, nikaona nimepata, kipande kilichofuata kikaharibika kuliko cha mwanzo. Leo nimetupa vyuma vingi kuliko nilivyouza.

Mwaka mzima uliopita nilifanya kazi bandani na baba na hatukuwahi kuona kitu kama hiki. Mashine ni ileile. Mikono ni ileile. Shemeji, Matawi hayo yanakuja na mimi sina hata pini moja iliyonyooka. Piusi akiichukua hii mashine nitaenda kuuza vitumbua, na vitumbua vyangu unavijua.

Nisaidie. Muulize baba kwa ujanja, kama habari ya mtu mwingine.

Goodness


Kakesio, 4 Aprili 2025

Mpendwa shemeji,

Nimekosa, na narudia kwamba nimekosa. Nilifikiri nikizisugua za mwanzo, za baadaye zitajirekebisha, kama mtoto anavyoacha kukojoa kitandani. Naomba radhi. Marsela ameshaniadhibu vya kutosha, amenikabidhi kuosha vyombo na malengelenge yangu haya.

Nilimuuliza baba kwa ujanja kama ulivyotaka. Nilisema kuna fundi fulani wa Babati, ana mashine fulani, inatoa tepa. Baba akaniuliza huyo fundi wa Babati ana miaka mingapi. Nikababaika nikasema kama ishirini na minne. Akasema, "Lete karatasi." Nikamwambia nitamwandikia mimi, akasema ana mikono yake.

Karatasi yake ndiyo hii nyingine. Aliikunja mwenyewe na sijaifungua. Marsela ni shahidi, ingawa yeye alitaka tuifungue.

Wako mwenye aibu,
Damiano


Kakesio, 4 Aprili

Goodness,

Ondoa mkia kabisa. Shika kipande kifupi kwa taya peke yake. Kereza taratibu, pima ncha zote mbili. Ikiwa bado kuna tepa, mkia hauna kosa, usiuguse tena.

Ukishamaliza hapo, chukua kikombe cha maji. Yamwage chini ya mashine, katikati ya miguu. Simama uangalie.

Bandani kwangu maji hukaa pale yalipomwagwa mpaka ardhi iyanywe. Huko uliko yataondoka yenyewe. Angalia yanakwenda wapi.

Mashine ni chuma, lakini chuma kinapinda ukikilazimisha. Ukiifunga kwa nguvu mahali pasipo sawa, mwili wake unajisokota, na kisu kinafuata mwili.

Vile vibati vyangu vya kusawazisha miguu najua umevifagia. Mama yako amekulea kwa usafi mwingi.

Nitakuja Pasaka.

Baba yako,
Fabian


Karatu, 9 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Niliposoma mstari wa maji nilikaa chini, palepale sakafuni, na ovaroli langu. Umejua, baba. Umejua na unakunywa maziwa kimya!

Nilianza na mkia kama ulivyoagiza. Nikauondoa, nikashika kipande kifupi, nikapima. Tepa ipo. Basi mkia nimeuonea bure wiki nzima. Nikachota maji. Mama alikuwepo, akasema unamwaga maji kwenye mashine ya watu umerogwa? Nikayamwaga katikati ya miguu. Hayakukaa hata kidogo. Yalijikusanya yakateremka upande wa nyuma, yakapita chini ya mguu wa nyuma wa upande wa mkia, yakaingia kwenye tundu la ukutani. Mimi na mama tukatazamana. Sakafu ya bucha, baba! Vedasto aliijenga iteremke ili akiosha damu itoke yenyewe. Mimi nimefanya kazi juu yake zaidi ya mwezi na niliona ni sakafu safi tu.

Nikachukua spana, nikalegeza bolti moja moja. Tatu za mwanzo hazikunionyesha kitu. Nilipofika ya nne, ile ya mguu wa karibu na tundu, nati ilipoachia tu, mguu ukainuka wenyewe! Ukaruka kwa mlio, mama akapiga kelele, mimi nikarudi nyuma mpaka kwa ng'ombe wa ukutani. Chini ya ule mguu palibaki nafasi ya kuingia kidole. Maskini, nilikuwa nimeukandamiza kwa nguvu zangu zote kwa sababu ya wezi wa mama. Niliipapasa mashine nikaiomba msamaha, nasema kweli.

Nikaenda kuazima pima maji kwa fundi mwashi ili nione usawa wa mashine. Vibati nimekata kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Kopo lilikuwa bado na mafuta nusu, mama amenisema mpaka jioni na leo tumekula chukuchuku. Nikaweka vibati chini ya mguu, nikakaza kidogo tu, nikakereza, nikapima. Nikaongeza kimoja. Nikakereza, nikapima. Nikapitiliza, ncha ya nje ikawa nyembamba, nikacheka peke yangu, nikatoa kimoja nikaweka chembamba zaidi. Hapo kikaja kipande ambacho venia ilisoma sawa huku na huku. Nikakipindua nikapima tena kwa kuogopa. Sawa. Mama naye akakipima kwa vidole, akasema ni sawa kabisa, hajui anapima nini lakini alifurahi kuliko mimi.

Pini mpya ziko kwenye mfuko. Ncha zote mbili nimezipima, na katikati pia.

Baba, uliniambia isitoke bandani na mimi nikaitoa. Nilitaka watu wanifikie, na niliogopa kukuambia. Ukiamua Piusi aichukue kwa sababu hiyo, sitabisha. Nitalia, lakini sitabisha. Niambie tu ulijua lini.

Mwanao,
Goodness


Kakesio, 15 Aprili 2025

Goodness,

Leo naandika mimi, maana Damiano akiandika atakusifia tena na hutamwamini.

Jana pale kisimani palijaa kuliko mnadani. Madumu yamepangwa, mbuzi wanasukumana, wazee wamekaa na fimbo zao. Lekishon akatumbukiza mkono kwenye mfuko, akatoa pini bila kuchagua. Akaishika juu watu waione. Nilimtazama mume wangu, alikuwa ameficha mikono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari.

Lekishon akaisukuma. Ikaingia. Si kwa nyundo, kwa kidole gumba! Akaitoa. Akaigeuza, akaingiza kwa ncha ya pili. Ikaingia vilevile. Akatoa nyingine, hivyo hivyo, akazimaliza zote. Akafunga mkono wa pampu, akamwita mwanamke aliyekuwa mbele asukume. Maji yakaja bila kelele. Tulisikia hata mbuzi wanavyokunywa.

Lekishon akainama akaitemea pampu mate kidogo, ile baraka yao ya Kimaasai, akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie, "Mwambieni aliyetengeneza atengeneze za kata nzima." Watu wakapiga makofi. Damiano akalia waziwazi, malengelenge na yote.

Baba? Baba alisimama nyuma ya watu muda wote. Barua yako aliichukua siku ilipofika, akaisoma peke yake akiwa amekaa kwenye jiwe. Wakati wa pini ya mwisho nilimwona anasogeza midomo kama anasali. Leo asubuhi ameamka amefunga begi, amembusu mtoto, amepanda gari la Moringe bila kusubiri chai. Nilimuuliza, baba, kuhusu mashine umeamuaje? Akasema, "Nitafika kwanza." Shati la kijani limekataa kabisa, amevaa la Damiano.

Sijui anakuja na moyo gani. Gari litazungukia kwanza vijiji vya chanjo, barua hii naituma kwa pikipiki iwahi. Jiandae.

Marsela


Karatu, 25 Aprili 2025

Dada Marsela na shemeji Damiano (nimekusamehe, jina lako limerudi),

Kaeni chini, mpeni mtoto kitu cha kuchezea, maana nina mengi.

Baba alifika. Mimi nilimsubiri nyumbani na mama, tumepika, tumefagia mpaka banda. Moringe akapita na gari tupu. Tukamuuliza, mzee wetu yuko wapi? Akasema, "Ameshukia bucha." Nilikimbia kwenye matope bila viatu.

Nikamkuta amesimama mlangoni anamtazama ng'ombe wa ukutani. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, fungua. Nikafungua. Akaomba kikombe cha maji. Akayamwaga chini ya mashine, akayatazama yanavyokwenda mpaka yakaisha tunduni. Akainama, akapitisha kidole kwenye vibati vyangu, kimoja kimoja, akanusa kidole. "Mafuta ya kupikia," akasema. Nikangoja avitoe aweke vyake, maana mfukoni alikuwa na vibati alivyokata huko kwenu, niliviona vikichungulia. Hakuvitoa. Akavuta droo ya mashine, akaviweka humo, akaifunga.

Hapo ndipo akaniambia. Alijua tangu barua ya kwanza, dada! Ni lile Fuso la vitunguu lililosimama mlangoni. Akasema, "Migombani kwetu hata guta linapita kwa sala, hilo Fuso lingepita wapi?" Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe, angengoja hata mwaka, lakini kisima hakiwezi kungoja. Halafu akakaa kwenye ile meza ya kukatia nyama na kusema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema hakukataza mashine itoke kwa sababu ya mashine. "Nilikuwa naogopa kuamka asubuhi nikute banda tupu." Nililia, na yeye akajifanya anakagua mkia. Nikamwambia baba, meza hiyo uliyokalia ni yako, njoo kila siku.

Basi anakuja kila siku. Anafika kabla yangu.

Sasa sikilizeni la Piusi. Jumanne baada ya Pasaka, gari linasimama mlangoni, Piusi na vijana wawili na kamba. Nilikuwa ninakereza pini za kata yenu, nikakiondoa kisu kwenye chuma nisije nikaharibu. Baba hakuwa ameniambia neno lolote kuhusu mashine. Hata moja! Tangu afike nilikuwa ninaogopa kuuliza.

Piusi akamsalimia baba, akasema, "Mzee Fabian, nimekuja kama tulivyosema."

Baba akasema, "Umekuja kwa mtu asiye na mashine."

Piusi akacheka akidhani ni utani. Baba akanionyesha mimi kwa kidevu. "Mwenyewe ni yule pale. Fundi Goodness. Ana kipande mkononi, msubiri amalize, usimsumbue."

Dada, tangu nizaliwe baba ananiita "huyu mtoto". Huyu mtoto leta spana, huyu mtoto funga mlango. Fundi Goodness! Mbele ya Piusi! Sikugeuka, maana machozi yalikuwa yananitoka na kwenye mashine huwezi kujifuta kwa mkono wenye mafuta. Nilirudisha kisu, nikamaliza kile kipande polepole sana, nikapima ncha zote mbili, nikaizima mashine. Piusi alisubiri. Amesimama na kamba yake amesubiri. Nikamuuliza, nikusaidie nini kaka Piusi? Akaangalia kamba, akamwangalia baba, akachukua ile pini akaipima kwa venia yake mwenyewe, huku na huku. Kisha akaenda garini akarudi na shafti ya pampu ya Mang'ola iliyolika, akauliza kama inaweza kuwa tayari wiki ijayo.

Nikasema nitaangalia nafasi.

Mama amesikia habari hiyo kwa Noel kabla sijafika nyumbani na ameshaisimulia kanisani na sokoni. Anataka bolti zikazwe tena. Baba amemkataza kushika spana.

Moringe anapiga honi, namalizia. Mzee wa Kansay amerudi, anataka kilo mbili, na baba anamwambia kutoka mezani kwake kwamba hapa nyama hakuna, hapa ni kwa fundi Goodness.

Wenu,
Fundi Goodness Fabian